Shangazi wa Jikoni: Matunda ya shira na bakuli la mguu la bibi

Wiki hizi za kuelekea Sikukuu maswali yamekuwa ya aina moja tu, mana nilisema humu kuwa mgeni wa Idi si lazima kila mwaka apewe kastadi ya njano na ndizi zilokwisha geuka rangi, apikiwe matunda kwenye shira siku moja aone, basi watu mmeniandama. Nimechagua machache, yanofanana nimeyaunganisha.

Shangazi shikamoo. Mume wangu yuko hoteli moja huko Nungwi, anasema asubuhi wageni wanawekewa kompoti, matunda yamepikwa yako kwenye shira yanang'ara na kila kipande kimekaa peke yake. Nikajaribu nyumbani, nikakata nanasi, embe na papai, nikatia sukari na maji nikabandika, nikenda kuswali adhuhuri narudi nakuta uji wa embe na nanasi linaelea humo humo. Ladha si mbaya lakini siwezi kumwekea mtu mbele. Vipi wao yao hayavurugiki? (Mama wa watatu, Kiembesamaki)

Marahaba mwanangu. Kwanza huo uji usiumwage, urudishe motoni ukaushe na ndimu kidogo utapata jem ya watoto ya mkate.

Sasa skiliza. Shira inapikwa mwanzo, peke yake, matunda yanaifata. Maji vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, acha ichemke mpaka sukari imeyayuka yote na maji yamekuwa meupe, hapo ndo unatia mdalasini kijiti, iliki tatu nne umezipasua kidogo, ganda la ndimu, na karafuu mbili, mbili tu, najua tuko Zanzibar na karafuu tunazo lakini ukizidisha utakula dawa ya jino. Punguza moto dakika tano shira inyonye viungo.

Kwanini sukari kwanza? Mana tunda likichemshwa kwenye maji matupu linanywa maji, linavimba ndani mpaka linapasuka, ndo unaona kingo zinamong'onyoka. Likikuta maji yana sukari tayari halinywi kwa pupa, linajishika. Lakini usije ukasema basi ntatia sukari nyingi iwe nzito kama ya kaimati, hapo unakwenda upande wa pili, shira nzito inalivuta tunda maji yake yote linakunjamana linakuwa gumu la kutafuna. Unaanza na nyepesi, uzito utaupata mwishoni.

Alafu matunda si ndugu. Nanasi linataka dakika kumi hadi kumi na tano, pera lilopevu lakini bado gumu (limenywe, likatwe nusu, mbegu uzichote na kijiko) kama kumi hivi, papai lisiwive sana tano, embe tatu basi na unaepua. Kwa hivo ukivitia vyote kwa pamoja umeshaamua nani afe. Anza na gumu, utoe kwa kijiko cha matundu uweke pembeni, tia lingine kwenye shira ile ile. Na embe chagua boribo ambayo bado inakataa kidogo ukiibonyeza, ile ya kunyonya nyonya yenye nyuzi iache iliwe mbichi.

Moto uwe mdogo kabisa, shira iwe inatetemeka tu, haichemki. Wenye gesi rahisi, wenye mkaa funikeni makaa na jivu. Matunda yanapenda kuelea, na kile kipande cha juu kinachokaa nje ya shira ndo kinachogeuka rangi, basi kata karatasi ya kuokea duara la saizi ya sufuria, toboa katikati, laza juu ya matunda yenyewe, mvuke utatoka tunduni na matunda yatabaki chini. Ndo siri yenyewe ya hotelini hiyo wala si mashine. Kujua kama limeiva usilichome chome na uma, litizame ukingoni, rangi ya unga unga inaondoka linaanza kupitisha mwanga, kuanzia nje kwenda ndani. Likibakisha doa dogo katikati epua, litamalizia na joto lake.

Matunda yote yakishatoka, sasa ndo uirudishe shira motoni peke yake ichemke ipungue, ukiiona inashika mgongo wa kijiko tia ndimu nusu, mimina juu ya matunda, acha ipoe, friji mpaka kesho. Usimpe mtu siku ile ile. Jioni utaona vipande vinaelea, asubuhi vimezama, hapo ujue shira imeingia ndani na sasa kuna kitu cha kumwekea mtu mbele.

Na kwa mlouliza matofaa yetu haya mekundu yanafaa? Yanafaa sana, haya hasa ndo karafuu imeumbiwa. Nyama yake haina ladha kubwa kwa hivo inategemea shira, ila maganda usitupe, yachemshe pembeni na sukari yatoe rangi, chuja, yale maji mekundu changanya kwenye shira ya matofaa utaona inavyopendeza kwenye gilasi. Embe kizungu pia nzuri, chachu yake inakata utamu, lakini kokwa lake lina miba kwa hivo usimpe mtoto mdogo na mgeni muonye.

Asalaam aleikum Shangazi. Bibi yangu mzaa mama kafariki Mwenyezi Mungu amrehemu, kwenye kabati lake Shangani kumekutwa bakuli la gilasi lina mguu mrefu kama la kunywea na mfuniko wake juu una kishikio, limechorwa chorwa kama almasi. Mama anasema la peremende, mjomba anasema la maua, wifi anataka kulichukua atie funguo. Lilikuwa la nini na naweza kulitumia? (Mjukuu, Mpendae)

Waaleikum salaam, na poleni sana. Mwambie wifi funguo atafute kikapu.

Hilo mwanangu ni bakuli la kompoti, ndo mana swali lako limeangukia safu hii. Ufaransa kwenye karne ya 18 meza ya wakubwa ikishaondolewa nyama ilikuwa inatandikwa upya kwa ajili ya vitamu, na matunda ya shira yalikuwa na chombo chake maalumu, kompotie. Kiwanda cha Sèvres kilokuwa kikitengeneza kaure za mfalme kilikuwa kinatoa kompotie za duara, za pembe nne, mpaka zenye umbo la kombe la pwani, na hizo nyingi zilikuwa za chini chini kama sahani lenye kina. Miguu ikaja kushamiri baadae, mana meza ikijaa vyombo kilichonyanyuka ndo kinachoonekana. Alafu miaka ya 1820 Marekani wakaanza kukandamiza gilasi kwa mashine ndani ya kalibu, ile michoro ya almasi ambayo zamani fundi alikuwa anaichonga kwa mkono siku nzima ikawa inatoka mara moja, bei ikashuka, na watu wa kawaida nao wakaweza kununua. Marekani mpaka leo wauza vitu vya kale wanaliita bakuli lenyewe kompoti hata kama ndani halina kitu, kwa hivo ukitaka kutafuta picha zake mtandaoni tafuta hivo.

La bibi yako la kuchongwa au la kukandamizwa? Pitisha kidole juu ya mchoro. Kilichochongwa kingo zake kali zinakwaruza, kilichokandamizwa kingo zimelainika, na mara nyingi ukitizama vizuri utaona mstari mwembamba unashuka ubavuni mpaka mguuni, hapo ndo kalibu iliungana.

Lilifikaje Shangani? Hilo lisikushangaze, hapa vyombo vya nje vimeingia zamani sana na kwetu sahani nzuri ilikuwa haifichwi. Bibi Salme binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alozaliwa Mtoni 1844 akaondoka Unguja 1866, kwenye kumbukumbu zake alizochapisha Ujerumani 1886 kaeleza vyumba vya wenye nacho vilivyokuwa, kuta zina zidaka (vile vishubaka vya ukutani) toka chini mpaka juu na mbao za kijani, na kwenye zidaka zimepangwa gilasi, sahani na majagi ya thamani, na anasema kitu kikiwa kizuri watu walikuwa hawaulizi bei. Sasa kidaka kimekuwa kabati la vioo, tabia ile ile. Mie binafsi kitu kimoja tu sikipendi, vyombo kukaa miaka kabatini vinafutwa vumbi na havijawahi kuona chakula, mpaka mwenyewe anakufa watoto wanabishana kilikuwa cha nini!

Kwa hivo ndio, litumie, ila kwa masharti.

La kwanza shira ya moto usilitie hata siku moja. Gilasi ya zamani haivumilii, upande wa ndani unatanuka na wa nje bado baridi, linalia ta! limepasuka na mara nyingi linapasuka pale bakuli linapoungana na mguu mana hapo ndo nene. Na vile vile usilitoe kwenye friji ukalikosha na maji ya moto. Shira iwe imepoa, bakuli liwe limekaa mezani.

La pili, ligonge kidogo na ukucha. Likitoa mlio mrefu kama kengele na ukilibeba ni zito kuliko unavyotarajia basi huenda ni kristali yenye risasi, na kristali ya risasi kwa kawaida huwa na oksaidi ya risasi asilimia 24 au zaidi. Vitu vyenye uchachu, ndimu, nanasi, embe kizungu, vikikaa humo muda mrefu vinaivuta ile risasi. Kupakulia mezani watu wakala saa ile ile si neno, lakini kulaza kompoti humo usiku kucha kwenye friji hapana kabisa, na wajawazito na watoto wadogo wapakulie kwenye bakuli la kawaida. Mfuniko usikudanganye ukafikiri ni chombo cha kuhifadhia, mfuniko ulikuwa wa kuzuia nzi na vumbi.

Kubeba, usilishike mdomoni wala shingoni pa mguu, tia mkono chini ya bakuli lenyewe na mwingine chini ya kitako. Usilijaze, acha vidole viwili toka ukingoni, mana kijiko kikubwa kikiingia shira inapanda. Kulikosha, weka taulo kwenye beseni, maji vuguvugu, peke yake, sufuria na vijiko visikaribie. Lile jeupe jeupe kama ukungu mloniuliza wengi ni chokaa, kisiwa chetu cha mawe ya matumbawe, maji ya kisima yamejaa chokaa, mimina siki na maji nusu kwa nusu liache lisaa limoja alafu suuza. Ukungu ukibaki baada ya siki basi gilasi yenyewe imelika, haitoki tena, usilisugue na steelwool ukaliharibu zaidi.

Shangazi, mie niko Wete. Hivi hii kompoti si ndizi mbivu zetu tu za mwezi wa Ramadhani wamezipa jina la kizungu ili wauze ghali? Nijibu kweli yakhe. (Mkaazi wa Wete, mwanamme, mpishi pia)

Ahlan, yakhe. Kuuza ghali wanauza, hilo sibishani na wewe. Lakini ndizi mkono wa tembo zilopikwa kwa tui, sukari na iliki ni kitu chengine, tui linafunika, linaganda na ndizi, unakula kwa kijiko au na mkate na hakuna anaetizama rangi. Kompoti haina mafuta ndani wala maziwa, shira yake inatakiwa uione chini ya bakuli. Ukizipika ndizi hizo hizo kwenye shira na mdalasini bila tui, hapo ndo utakuwa umepika kompoti, na ni nzuri kwelikweli, ila chagua ambazo ganda limeanza madoa meusi bado halijawa jeusi lote.

Na wala usifikiri ni mambo ya wazungu peke yao. Waturuki wana hoshafu, matunda makavu yamechemshwa na sukari yanaliwa yamepoa, na wao wanaila pembeni ya wali! Nilivyosikia mara ya kwanza nilicheka lakini hebu jaribu na pilau yenye pilipili utanambia. Wamisri Ramadhani wanafuturia khushafu, tende, tini, zabibu na aprikoti kavu zimerowekwa mpaka zimelainika na maji yake yamekuwa shira yenyewe bila hata kuwashwa moto, juu wanatia lozi. Hiyo kwa wafanyakazi wa futari za haraka ndo ya kuiiga, unaroweka baada ya daku magharibi iko tayari, na tende tunazo zabibu zipo Darajani za kupima. Kule Polandi usiku wa kuamkia Krismasi meza lazima iwe na kompoti ya matunda makavu, ila yao inanywewa kwenye gilasi, maji mengi matunda machache, na Warusi nao ni hivo hivo kinywaji. Kwa hivo mtu akikwambia kompoti ni hii si ile, mwambie inategemea kaipikia wapi.

Shangazi nimetia nanasi kwenye jeli haijaganda, siku ya pili nikatia kwenye maziwa ya kastadi yakawa machungu. Nanasi bovu? (Fundi wa keki za oda, Fuoni)

Nanasi zima, tatizo lilikuwa bichi. Lina kimeng'enya ndani kinachokula protini, bromelaini, kikikuta jeli kinaikata kata haigandi ng'o hata uiweke friji wiki, na kikikuta maziwa kinayafanya machungu. Papai bichi lina cha kwake, hicho hicho ambacho nyama inapakwa ilainike. Moto unakiua. Kwa hivo pika nanasi kwenye shira kama nilivyosema juu mpaka limepata moto ndani kwa ndani, lipoe, lichuje, alafu ndo kwenye jeli au kastadi. La kopo halina shida mana limeshapikwa kiwandani. Na kastadi ikiwa ya maji maji mara nyingi ni kwa sababu hamchuji shira, sio kosa la bromelaini.

Mama yangu ana sukari na anapenda matunda ya kupika. Nikimpikia bila sukari anaweza kula? (Bint, Chake Chake)

Mwanangu, bila sukari haina maana hakuna sukari, matunda yana yake na tende ndo zaidi, na yakilainika yanashuka haraka. Kuhusu kiasi gani kwa siku muulize daktari wake anaejua dawa anazotumia, mie sitosema. Cha jikoni ni hiki: tumia pera na embe kizungu sio embe mbivu na ndizi, mdalasini, tangawizi na ganda la ndimu vinatoa harufu tamu bila kuongeza kitu, mpakulie vipande viwili vitatu kwenye kibakuli kidogo, na maji yake yabaki sufuriani. Bila sukari matunda yatavunjika mapema na hayatokaa siku nyingi, pika ya leo na kesho tu. Ya sukari inafika siku nne tano kwenye friji ikiwa kijiko kinachoingia ni kikavu na umeme haukukatika.

Sufuria yangu imegeuka nyeusi ndani na shira imekuwa na ladha ya chuma. (Wengi mno, kuanzia Mkoani mpaka Bububu)

Ni aluminiamu hizo, uchachu unazila ndo mana ya ladha ya chuma. Kwa kaimati hakuna neno mana ile sukari na maji tu, kwa mabungo, nanasi, embe mbichi tumieni sufuria ya stenlesi au ya enameli ambayo haijabanduka. Weusi wenyewe chemsha humo maganda ya ndimu utatoka, maji yake mwaga. Na kompoti isilale kwenye sufuria yoyote, ihamishe kwenye chupa la gilasi au bakuli lenye kifuniko.

Nna sinia na bakuli za shaba za zamani, nataka kuandalia kompoti siku ya harusi ya mwanangu, zinapendeza sana na kahawa. Inafaa? (Mama wa bibi harusi, Malindi)

Hongera mama, Mungu awajaalie. Sinia ndio, bakuli za shaba hapana, labda ziwe zimepakwa bati ndani na bati halijachubuka. Shaba tupu ikikutana na ndimu na nanasi inatoa ukijani kijani na wageni wataondoka na matumbo badala ya sifa. Tafuta bilauri fupi za kawaida zote saizi moja, kwa harusi ni rahisi kuliko bakuli, kila mtu na yake na hakuna anaegombania kipande cha embe, panga juu ya sinia, matunda kwanza, shira baadae ifike nusu ya bilauri tu, kijiko cha chai kwenye kisahani chini na ukipika embe kizungu kisahani kiwe na nafasi ya kokwa. Shira ikimwagikia shaba ifute hapo hapo na kitambaa kibichi, usingoje kesho.